Karo, Sare na Mlo wa Mchana: Maswali Tunayoulizwa Kuhusu Misaada ya Elimu Mtaani

Meza yetu iko nyuma ya ukumbi wa kanisa, mtaa wa Mathare, Nairobi, Kenya, chini ya mabati yanayovuja pembe moja. Ni meza ya kikundi cha mtaa: watu kumi na wachache, hakuna anayelipwa mshahara, na kazi yetu ni kuwatafutia watoto wa hapa njia ya kubaki darasani. Januari foleni huanza kabla ya saa moja asubuhi. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa, na majibu jinsi ninavyoyatoa nikiwa bado sijachoka.

Si serikali ilisema masomo ni bure? Mbona bado tunachangishana?

Ilisema, na kwa sehemu ni kweli. Januari 2003 karo ya shule za msingi za umma iliondolewa, na mwaka 2008 ikafuata ya sekondari za kutwa. Kwa sekondari, serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Pesa hizo huenda shuleni, hazipitii kwa mzazi, na mara nyingi huchelewa au hufika zimemegwa. Mwalimu mkuu naye ana mpishi, mlinzi na bili ya maji. Ndipo mtoto anarudi jioni na karatasi ya michango mfukoni.

Halafu kuna mambo ambayo pesa hizo hazikuwahi kuyagusa: sare, viatu, chakula cha mchana, nauli. Mtoto akiitwa shule ya bweni hesabu inageuka kabisa. Kiwango kilichowekwa kwa mzazi wa shule za kitaifa kimekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na hapo hujanunua hata kufuli ya sanduku.

Kuna jambo la tatu ambalo wasioishi huku hawalioni. Ndani ya Mathare, Mukuru, Korogocho na Kibera shule za umma ni chache na zimefurika, kwa hiyo watoto wengi sana husoma katika zile shule ndogo za mabati ambazo wizara huziita APBET. Ni za watu binafsi, makanisa au vikundi kama chetu. Mzazi hulipa kwa mwezi, wengine kwa wiki, na asipolipa mtoto anarudishwa nyumbani Jumatatu asubuhi. Ile bure ya 2003 ilizipita shule hizi kando. Mtu akikuambia mzazi wa Mathare anadeka kwa kulia karo, muulize kwanza mtoto anasoma wapi.

Haya mashirika ya mtaani ni yapi hasa?

Ni mchanganyiko. Kuna vikundi vya kijamii vilivyosajiliwa, vile ambavyo kila mtu hapa huviita sibiio. Kuna parokia na misikiti, ambako zaka na sadaka za Ramadhani hulipia wengi karo kimyakimya. Kuna chama za akina mama, kuna wanafunzi wa zamani wa shule fulani, na kuna mashirika makubwa yaliyoanza kama kikundi cha mtaa kisha yakakua.

Nairobi ina historia ndefu ya jambo hili. Shule ya Starehe ilianza mwaka 1959 kwa vibanda viwili vya mabati, Geoffrey Griffin akisaidiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ili kuwapa vijana maskini na wa mitaani pa kulala na pa kusoma. Hapa kwetu Mathare, MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianza 1987 kama ligi ya kandanda ya watoto. Upekee wake ni kwamba timu hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani, na vijana waliojitolea sana husaidiwa karo. Wengi wa rika langu walimaliza sekondari kwa reki na toroli, si kwa mabao. Kule Kibera, SHOFCO, shirika la kijamii la Kennedy Odede, ilianza 2004, na mwaka 2009 ikafungua shule ya wasichana isiyotoza karo, ambako wazazi huchangia kwa kufanya kazi za shule.

Mwenendo ni ule ule wa harambee tuliourithi kwa wazazi wetu. Tofauti ni kwamba siku hizi kuna risiti. Au inapaswa kuwepo.

Mnasaidia nini zaidi ya karo?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe kwanza, kwa sababu karo mara nyingi ndiyo sehemu nyepesi.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na msichana wa gredi ya 7 katika shule moja ya mtaani. Karo imelipwa, sare mpya, daftari zote. Muhula wa pili mwalimu akatuambia haonekani Jumanne na Ijumaa. Tukadhani ni utoro, na kuna aliyependekeza tumkanye. Mwenzetu mmoja akaenda kwao Jumanne saa nne asubuhi. Akamkuta mlangoni, mtoto mchanga mgongoni kwa leso, sufuria ya uji juu ya jiko, na kitabu cha hisabati kimefunguliwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama yake hufua nguo Eastleigh siku hizo mbili, na huyo mchanga hana wa kuachiwa. Deikea ya jirani ilikuwa shilingi 60 kwa siku. Mia moja na ishirini kwa wiki! Tulikuwa tumelipa maelfu shuleni, na kilichokuwa kinamtoa msichana darasani ni mia na ishirini.

Tangu siku hiyo fomu yetu ina swali ambalo huwashangaza wazazi: "Mama akienda kazini, mtoto mdogo hubaki na nani?"

Kwa hiyo msaada huchukua sura nyingi. Deikea ni moja. Kodi ya nyumba ya mwezi mmoja, ili familia isihamishwe katikati ya muhula, ni nyingine. Landilodi akifunga mlango kwa kufuli, sare na vitabu hufungiwa ndani pia. Taa ya sola, kwa sababu stima ya sambaza, ile ya kuunganishiwa kinyemela, hukatika usiku wote kila mafundi wa kampuni wanapopita. Mahali pa kusomea jioni: ukumbi huu tunaufungua saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, kwa kuwa chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu saba hakina kona ya kufanyia kazi ya ziada. Viatu, maana mwanafunzi wa gredi ya 5 aliwahi kutuambia kwamba anaweza kuvumilia njaa lakini hawezi kuvumilia kuchekwa miguu.

Kuna pia mtaji mdogo kwa wazazi: debe la viazi, beseni la omena, bando la mitumba kutoka Gikomba. Hapa nitasema ukweli ambao wafadhili hawaupendi. Si kila mama maskini ni mfanyabiashara. Tumewahi kutoa mtaji wa omena ukaishia hospitalini wiki ya pili, na sikuona kosa la mtu. Mtoto aliugua, pesa zilikuwa ndani ya nyumba, zikatumika. Siku hizi kabla ya mtaji tunahakikisha familia imejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, na mama yuko kwenye chama ya kuweka akiba. Hapo mtaji huwa na kitu cha kuuzuia usiyeyuke.

Kwa shosho wanaolea wajukuu, tunawasindikiza kujiandikisha Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliopita miaka 70. Wengi hawajui kwamba wanastahili, au vidole vyao vimechakaa kwa kazi hata mashine haisomi alama.

Na chakula cha mchana?

Mtoto wako akiwa katika shule ya umma ya msingi au chekechea hapa Nairobi, uliza kuhusu Dishi na County, mpango wa chakula shuleni. Ulianza 2023, kaunti ikishirikiana na shirika la Food4Education, lililoanzishwa 2012 na Wawira Njiru kule Ruiru. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, pesa zinaingizwa kwa simu, mtoto anagusisha bangili yake na kuandaliwa. Wali na ndengu, au githeri, kikiwa moto.

Shule za APBET kwa kawaida haziko kwenye mpango huo, kwa hiyo huko vikundi kama chetu ndivyo hutafuta mahindi na maharagwe. Shule isiyopika hujitambulisha yenyewe: ukipita saa nane mchana utaona madarasa yamebaki nusu.

Kwa nini mnakuja nyumbani kwetu? Ni kuchunguzana?

Naelewa jinsi inavyokera. Mgeni anaketi kitandani kwako, kwa kuwa hakuna pengine pa kuketi, anaangalia kuta na kuandika. Tunajaribu kufanya hivi: huja watu wawili, mmoja lazima awe mwanamke, wanapiga simu mapema, hawafunui sufuria, na hawaulizi mambo ya ndoa mbele ya watoto.

Tunakuja kwa sababu karatasi hazisemi kila kitu. Barua ya chifu itasema "familia maskini". Barua zote husema hivyo. Haitasema kwamba mvulana hulala kwa jirani kwa kuwa baba wa kambo akilewa humfukuza. Wala haitasema kwamba familia iliyoandikiwa barua hiyo ina pikipiki mbili za boda.

Usituandalie soda. Nasema kwa uzito. Tumewahi kukuta mama amekopa dukani ili atupokee.

Lazima mtoto awe na alama za juu?

Inategemea mlango unaobisha. Miradi mikubwa ya kitaifa ya ufadhili huangalia alama na umaskini kwa pamoja. Wings to Fly ya Equity Group Foundation na Mastercard Foundation, iliyoanza 2010, imewasomesha maelfu kwa njia hiyo, na ikikubali mtoto hugharamia karo, sare, vitabu na hata pesa za matumizi. Mtoto wako akiwa wa kwanza darasani, jaribu huko kabla ya kuja kwetu.

Sisi hatuangalii alama, na si kwamba hatuzithamini. Mtoto mwenye alama za juu ana milango mitano. Yule wa katikati, anayekuja shule kila siku, anayepata wastani na hana wa kumsemea, hana hata mmoja. Huyo ndiye wetu. Wenzangu wawili kwenye kamati hawakubaliani nami kuhusu hili na tumelizozania tangu tuanze.

Mtoto ameitwa gredi ya 10 mbali na nyumbani. Tufanye nini?

Hili lilitushtua Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya lilipoingia gredi ya 10. Orodha za vifaa zilikuwa ndefu: godoro, blanketi, ndoo, sanduku la bati, viatu vya ngozi, sweta mbili, vitabu. Mama mmoja aliifungua ya kwake mezani, imekunjwa mara nne na kulowa jasho, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hii ukurasa wa pili pia ni lazima?"

Kwanza, usinunue chochote kabla ya kuzungumza na shule. Baadhi ya shule hukubali sare ya awali kwa muda, au karo kwa awamu, mzazi akifika mapema na kuongea na mwalimu mkuu ana kwa ana. Pili, uliza kama kuna shule ya kutwa karibu yenye masomo ya mkondo aliochagua mtoto. Kwa familia nyingi za hapa ni uamuzi bora, ingawa majirani watasema mtoto "ameangukia kutwa". Tatu, vitabu: vya mitumba vya Inama, wale wauzaji wa kando ya barabara katikati ya jiji, husaidia sana. Ila hakikisha ni toleo linalotumika, kwani vya mtaala wa zamani bado vimejaa.

Walio kidato cha tatu na cha nne wanaendelea na mtaala wa zamani, 8-4-4, hadi mtihani wa mwisho wa KCSE mwaka 2027. Wasisahaulike katika msukosuko huu.

Nije na karatasi gani?

Nakala ya kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya kuitwa shule au ripoti ya muhula uliopita, karatasi ya karo yenye muhuri na nambari ya akaunti ya shule, na barua ya chifu au mzee wa nyumba kumi. Kama mzazi amefariki, nakala ya cheti cha kifo au kibali cha mazishi. Mtoto mwenye ulemavu, leta kadi yake ya usajili, maana baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu lina msaada wake wa elimu na tutakuelekeza.

Piga picha za karatasi hizi zote kwa simu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yale yaliyofanya shule zifunguliwe Mei 13 badala ya Aprili 29, yalibeba nyumba za kando ya mto Mathare pamoja na kila karatasi iliyokuwa chini ya godoro. Wiki ile tulikuwa tunatafuta sare kwa mkono mmoja na vyeti kwa mwingine.

Hana cheti cha kuzaliwa.

Njoo hata hivyo. Cheti tutakitafuta pamoja. Msaada hausubiri.

Kuna ada ya fomu?

Hakuna. Mtu akikuomba hata shilingi 50 kwa jina letu au la kikundi chochote cha kusaidia, ni mlaghai. Januari ndiyo msimu wao, na ujumbe wao wa simu huandikwa vizuri kuliko wetu.

Pesa mnampa nani?

Karo huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na mzazi hupata nakala ya risiti siku hiyo hiyo.

Hatukuanza hivyo. Mwanzoni tulikuwa tukimtumia mzazi kwa M-Pesa, na wengi walilipa kwa uaminifu. Lakini pesa ya karo ikiingia kwenye simu ya mtu anayedaiwa kodi na duka, unampa mtihani ambao hata mimi ningeweza kuanguka. Tukahamia kulipa shuleni, tukagongwa na upande wa pili. Shule moja, sitaitaja, ilipokea karo ya mihula miwili ya mvulana aliyekuwa ameshahama, ikanyamaza. Tulipodai tukaambiwa pesa "zimeshaingia kwenye mfumo." Mfumo gani, hakuna aliyejua. Ilichukua mwaka mmoja na barua nne kurudishiwa nusu. Sasa tunalipa kwa muhula, kamwe si kwa mwaka, na kabla ya kulipa mwenzetu huenda shuleni akamwona mtoto kwa macho yake, amekaa darasani.

Pesa za deikea au kodi hulipwa kwa mwenye deikea au landilodi. Mtaji ndio pekee hupewa mzazi mkononi.

Nikipata basari ya serikali, mtanikata?

Hapana, ila utuambie. Basari za kaunti, za wadi na za NG-CDF, hazina ya maeneo bunge iliyoanza 2003 ikiitwa CDF, ni haki yako kuziomba, na tunakuhimiza. Kwa kawaida hutoka kidogokidogo: shilingi elfu tano hapa, elfu tatu kule, na cheki hufika shuleni muhula ukiwa umekwenda. Hazina hiyo pia imekuwa ikiburutwa mahakamani mara kwa mara, kwa hiyo usiegemee mlango huo mmoja. Sisi huziba pengo linalobaki. Ukificha, tutalipa juu ya malipo na mtoto mwingine atakosa.

Mnapendelea watu wa kanisa lenu?

Meza iko nyuma ya kanisa kwa sababu ukumbi tulipewa bure. Kwenye kamati kuna Waislamu, kuna wa makanisa matatu tofauti, na kuna mmoja ambaye haendi popote. Majina huondolewa kwenye fomu kabla ya kikao ili kabila lisisomeke. Mwanakamati akiwa na mtoto au mpwa kwenye orodha, hutoka nje. Yamewahi kutokea malalamiko? Ndiyo, kila mwaka. Orodha ya waliosaidiwa na viwango vyake tunaisoma kwenye mkutano wa wazi mwezi wa Machi, kwa nambari za fomu bila majina, na yeyote anaweza kuuliza.

Binti yangu anakosa shule siku za hedhi.

Sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa 2017 ili serikali itoe sodo bure kwa wasichana wa shule za umma. Kenya ilikuwa imeshaondoa ushuru wa VAT kwenye sodo tangu 2004. Kwa vitendo pakiti hufika zikiwa chache, na kwa shule za APBET uhaba ni mkubwa zaidi. Tunazo mezani. Binti mwenyewe anaweza kuja, haulizwi swali lolote, na aliyepo hapo Jumamosi ni mwanamke.

Amepata mimba. Ndiyo basi?

Hapana! Kenya imekuwa na sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua tangu 1994, na mwongozo wa wizara wa 2020 unaeleza utaratibu wenyewe. Shule ikikukatalia, njoo na jibu lao kwa maandishi, au hata bila maandishi, nasi twende pamoja. Mara nyingi kikwazo kikubwa huwa nani atabaki na mtoto mchanga. Turudi pale pale kwa deikea.

Kama kuna aliyemdhulumu, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, usiku au mchana. Usikubali jambo hilo limalizwe kwa mbuzi na wazee.

Shule inashikilia cheti chake kwa sababu ya salio.

Serikali imeziagiza shule zaidi ya mara moja kuachilia vyeti. Leta barua ya salio, tutaandika kwa mwalimu mkuu na nakala kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mara nyingi hiyo nakala hutosha.

Mtapiga mtoto wangu picha?

Ukitaka tu, na ukikataa hupotezi chochote. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na si mzaha: Septemba 2023 shule moja ya hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini.

Mimi binafsi sipendi zile picha za mtoto ameshika daftari na unga wa pakiti huku mfadhili akitabasamu. Mtoto huyo kesho anaingia darasani na wenzake wameiona. Mfadhili akitaka kujua pesa zake zimefanya nini, tunampa risiti na ripoti ya muhula isiyo na jina.

Nataka kuchangia. Nianzie wapi, na nitajuaje kikundi si cha matapeli?

Omba kuona cheti cha usajili. Vikundi vya mtaa husajiliwa chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022. Mashirika makubwa yako chini ya sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 14, 2024. Kisha uliza nani hutia saini benki (wawe angalau watatu) na lini hesabu zilisomwa hadharani mara ya mwisho. Halafu njoo ukae mezani asubuhi moja. Utajifunza mengi kuliko kwa ripoti.

Mchango mdogo wa kila mwezi ni bora kwetu kuliko mkubwa wa mara moja. Shilingi 300 inayokuja kila tarehe tano tunaweza kuipangia. Hundi kubwa ya karatasi ngumu inayoletwa na mheshimiwa na kamera tatu, hiyo tumeshawahi kubaki nayo ukutani miezi minane bila ile ndogo ya benki kufuata.

Nguo za shule zilizotumika tunapokea, zikiwa zimefuliwa na zipu zinafunga. Viatu visivyo na soli, asante, hapana. Walimu wastaafu wa hisabati na Kiswahili wanahitajika jioni kuliko chochote.

Msaada hukatika ghafla?

Umewahi kukatika. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa korona, wafadhili wetu wengi, ambao ni watu wa vibarua kama sisi, walikosa kazi. Shule zilipofunguliwa tulikuwa na fedha za watoto kumi na wanne na ahadi kwa thelathini na moja. Tulikaa hadi usiku na ile orodha. Sitaki kuieleza zaidi.

Kwa sababu hiyo sasa tunachukua wachache. Mtoto akiingia, tunaweka akiba ya muhula mmoja wake kabla ya kumtangazia, na tunamchukua hadi mwisho wa ngazi aliyopo. Ndiyo maana unaweza kuambiwa "subiri" hata ukiwa na shida ya kweli, na ndiyo maana tunakuelekeza kwingine badala ya kukuahidi.

Mnapatikana lini?

Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Januari, wiki mbili za kwanza, kila siku isipokuwa Jumapili. Watoto wadogo waje nao, kuna kona yenye mkeka na uji. Viti tuna sita tu, kwa hiyo ukiweza kuja na kigoda chako, njoo nacho.